Ekseli ya Ford Ilivyoiokoa Jeep ya Bei Nafuu

Jeep Cherokee iliyoanza kuuzwa Marekani kama modeli ya 1984 ilikuwa gari jepesi, fupi na jasiri kwenye njia mbovu. Ilitengenezwa huko hadi 2001. Ilipozeeka na bei yake kushuka, wakaichukua watu wenye kipato kidogo na hamu kubwa ya kupanda miamba na kuvuka matope. Udhaifu wake waliukuta nyuma, ndani ya ekseli.

Cherokee nyingi zilifungwa ekseli ya nyuma iitwayo Dana 35. Kwa matairi ya kiwandani ilitosha. Mwenye gari akifunga matairi makubwa, shafti zake nyembamba, zenye meno 27, zilikatika, mara nyingi mbali na fundi.

Difu, gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, nayo ina kasoro ya kuzaliwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyeibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, alitaka gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani kwenye kona. Topeni faida hiyo hugeuka hasara: gurudumu lililokosa mshiko huzunguka bure, na lile lililokanyaga pagumu husimama. Ukiifunga difu kwa loki ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, shafti moja inaweza kubebeshwa karibu nguvu yote. Hivyo loki juu ya ekseli dhaifu huleta hasara mapema zaidi.

Dawa ilitoka yadi za magari chakavu. Ford Explorer, iliyoingia sokoni 1990, ilikuwa na ekseli ya inchi 8.8, kipenyo cha krauni yake, yaani gia kubwa ya difu. Ya Dana 35 ni kama inchi 7.6. Shafti za Explorer zina meno 31, na kuanzia modeli ya 1995 ekseli hiyo ilikuja na breki za diski. Nati za magurudumu ni tano, kwa nafasi ileile ya Cherokee. Upana nao unakaribiana sana.

Kazi ya kuchomelea ilibaki. Vikalio vya springi hukatwa na vipya kuchomelewa, kwa kuwa ekseli ya Explorer hukaa juu ya springi na ya Cherokee chini yake. Mirija ya ekseli nayo huchomelewa kwenye kasha la difu isije ikazunguka. Uwiano wa gia lazima ulingane na wa difu ya mbele, la sivyo gia za magurudumu manne zitapigana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo sababu fundi mzoefu husoma kwanza kibao kwenye mfuniko wa difu: 3.73 au 4.10, na herufi L katikati ya tarakimu ikionyesha difu yenye kuzuia mtelezo.

Mwaka 2009 serikali ya Marekani ililipa ruzuku kwa waliobadilisha magari yanayokunywa mafuta mengi. Explorer zilikuwa miongoni mwa yaliyobadilishwa kwa wingi zaidi. Sheria iliamuru injini ziharibiwe, lakini ekseli, ile iliyotafutwa na wenye Cherokee, iliweza kuuzwa kama kipuri peke yake.

Hakuna kiwanda kilichopanga ndoa hii ya Ford na Jeep. Iliundwa na watu waliopima, wakalinganisha, kisha wakafundishana. Ufundi wa namna hiyo unastahili nafasi katika historia ya magari sawa na uvumbuzi wa Pecqueur, kwani ndio uliowafikisha wasio na fedha mahali ambapo gari la bei kubwa pekee lilidhaniwa kufika.