Nani Hulipia Kioo Kilichovunjwa?

Wanahistoria wa miji hupenda kuandika juu ya majengo: nani aliyasanifu, nani aliyafungua, nani alikata utepe. Mimi kwa muda mrefu nimevutiwa na kitu duni zaidi, yaani ule ubao unaofunikizwa dirishani au mlangoni usiku ule ule kioo kinapovunjwa, kabla mwenye duka hajajua kama ameibiwa au amefilisika. Ubao huo nao una elimu yake. Fundi anayeijua kazi haupigilii kwa misumari ya nje, kwa sababu kinachong'oka kwa mtaimbo wa fundi hung'oka pia kwa mtaimbo wa mwizi. Hukata plaiwudi kwa kipimo cha fremu, akaweka upande wa ndani mbao mbili zilizo ndefu kuliko upana wa dirisha, kisha akaviunganisha kwa bolti ndefu ambazo nati zake hukazwa kutoka ndani. Anayesimama barabarani haoni cha kushika. Uingereza, mlango ukivunjwa usiku na mwenyewe asipatikane, polisi huweza kumwita fundi wa dharura aje auzibe. Kisha ankara humfikia mwenye mali.

Ni hiyo ankara ninayotaka tuizungumzie, msomaji wangu.

Tangu Juni 2024 sisi wakazi wa Nairobi tumekuwa wanafunzi wa elimu hii bila kujiandikisha. Tarehe 25 Juni mwaka huo maandamano ya kuupinga Muswada wa Fedha yalifika ndani ya Bunge. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, maandamano ya kuwakumbuka waliouawa yaliisha huku maduka mengi ya katikati ya jiji yakiwa yamevunjwa na kuporwa. Nilipopita Tom Mboya Street katika siku zilizofuata, kabla ya Saba Saba, sauti iliyotawala ilikuwa ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Plaiwudi haikuaminiwa tena. Milango ya kioo ilikuwa ikivishwa mabati mazito, na juu ya mabati nondo, na juu ya nondo kufuli za aina tatu. Tumezoea kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale mtaani kuziba kwenyewe ndiko kulikokuwa kujenga ukuta. Kila mwenye duka alikuwa akimlipa fundi wake kutoka mfukoni mwake, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

Historia inaonyesha kwamba ni jambo la ajabu. Lakini ili tulione hivyo, yatupasa kuanza na kioo chenyewe.

Kwa karne nyingi duka halikuwa na kitu cha kuzibwa kwa dharura, kwa kuwa lilizibwa kila jioni. Mwenye duka alipanga mbao zake mlangoni, akapitisha komeo, akalala. Ndivyo ilivyokuwa London, na ndivyo maduka mengi ya pwani yetu yalivyofungwa hata katika karne ya ishirini. Uingereza ilifuta ushuru wa kioo mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851. Kioo kikawa rahisi, kikawa kipana, na wafanyabiashara wa mitaa ya kifahari wakaanza kuziweka bidhaa zao nyuma ya ukuta unaopenya nuru, mchana na usiku. Kulala huku mali yako ikitenganishwa na barabara kwa unene wa kioo si ujasiri wa mtu binafsi. Ni kuamini kwamba mtaa una mlinzi na kwamba mlinzi huyo atakuja akiitwa.

Imani hiyo ilivunjwa London Jumatatu ya tarehe 8 Februari 1886. Watu wasio na ajira walikuwa wamekusanyika Trafalgar Square, na miongoni mwa waliowahutubia walikuwa viongozi wa Social Democratic Federation, akiwemo H. M. Hyndman na fundi mitambo kijana aitwaye John Burns, aliyebeba bendera nyekundu. Umati ulipoelekea magharibi kupitia Pall Mall, penye vilabu vya matajiri, mawe yakaanza kurushwa. Madirisha ya vilabu yakavunjwa, kisha ya maduka ya Piccadilly, kisha uporaji ukafuata kuelekea Oxford Street. Na polisi walikuwa wapi? Kikosi cha akiba kilikuwa kimepelekwa The Mall badala ya Pall Mall, kwa kuwa amri ilisikika vibaya. Sijui kama kuna jeshi la polisi duniani ambalo limewahi kukosea kwa neno moja tu, tena fupi hivyo. Kamishna, Sir Edmund Henderson, alijiuzulu.

Siku mbili baadaye, tarehe 10, ukungu mzito ulitanda juu ya jiji na uvumi ukaenea kwamba maelfu ya watu walikuwa wakija kutoka Deptford, upande wa kusini mashariki. Maduka yakafungwa na kuzibwa mchana kweupe, hata katika mitaa ambayo haikuwa imerushiwa jiwe hata moja. Umati ule haukuwahi kufika. Lakini mbao zilikuwa zimekwisha kupigiliwa, na mtu akishaziba dirisha lake kwa sababu ya uvumi, imani yake kwa Serikali imeonekana ilivyo.

Viongozi wanne walishtakiwa kwa uchochezi na wakaachiwa huru Aprili. (Burns huyo huyo alikuja kuwa waziri mwaka 1905; siasa ina njia zake.) Jambo lenye uzito zaidi lilitendeka bungeni. Juni 1886 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fidia kwa hasara za ghasia. Ilisema kwamba mtu ambaye nyumba, duka au bidhaa zake zimeharibiwa na kundi la wafanya ghasia atalipwa kutoka mfuko wa polisi wa eneo lake. Hakutakiwa kuthibitisha kwamba polisi walizembea, wala kumtaja aliyerusha jiwe. Kuvunjwa kwa kioo na umati kulitosha.

Wabunge wale hawakuwa watu wa huruma nyingi. Walikuwa wakiirekebisha kanuni ya zamani sana. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliwabebesha wakazi wa kila eneo dogo la utawala, lililoitwa kwa jina la 'mia', dhamana ya uporaji uliotendeka kwao ikiwa hawakumtoa mhalifu. Sheria ya Ghasia, iliyoanza kutumika mwaka 1715, ambayo tunaikumbuka kwa ukali wake dhidi ya mikusanyiko, ilibeba ndani yake sharti kwamba 'mia' hiyo imlipe aliyebomolewa jengo lake. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: amani ni deni la wote kwa kila mmoja, na ikivunjwa wote hulipa. Mwaka 1886 deni hilo lilihamishwa kutoka kwa majirani likawekwa juu ya chombo kilichokuwa kimechukua kazi yao, yaani polisi.

Sasa tuvuke bahari, kwa kuwa mwaka huo huo wa 1886 una maana nyingine kwetu. Novemba yake, London na Berlin zilikubaliana jinsi ya kugawana bara letu la Afrika Mashariki, zikimwachia Sultani wa Zanzibar visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Serikali iliyokuwa imetoka kuamua kwamba mwenye duka wa Piccadilly hatabeba peke yake hasara ya ghasia ilikuwa ikijiandaa kututawala. Je, ilikuja na kanuni hiyo mkobani?

Jibu la kwanza lilitolewa Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Manowari zililipiga kasri kwa muda usiofika dakika arobaini na tano. Katika vurumai iliyofuata mtaa wa wafanyabiashara wa Kihindi uliporwa, watu wapatao ishirini wakafa humo, na askari wa Kisikh wakaletwa kutoka Mombasa kulinda mitaa. Nani alilipa? Si mfuko wa polisi, wala si hazina ya London iliyofyatua mizinga. Wafuasi wa Khalid walitozwa gharama ya makombora yaliyowapiga pamoja na hasara ya uporaji, jumla rupia 300,000. Aliyevunjiwa ndiye aliyelipia nyundo.

Jibu la pili lilikuja kwa maandishi. Mwaka 1909 himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo Kenya, ilijipatia sheria ya adhabu ya pamoja. Wazo la dhamana ya jamii lilikuwa lile lile la Winchester, ila limegeuzwa uso. Kule jamii ilichangishwa ili mwathirika mmoja afidiwe. Huku jamii ilitozwa faini, kwa kawaida kwa mifugo, ili wote waadhibiwe kwa kosa la wachache, na faini ikaishia serikalini. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mifugo kwa maelfu ilitaifishwa katika maeneo ya Wagikuyu, na maduka na masoko yakafungwa kwa amri. Hapo aliyeuziba mlango wa duka alikuwa dola yenyewe.

Naamini uhuru ulirithi nusu ya mambo haya. Kanuni yetu ya Adhabu inaeleza kwa kirefu ghasia ni nini na mbomoaji wa jengo atafungwa vipi. Mwenye jengo ameachiwa amtafute mhalifu wake, au aende kuishtaki Serikali kwa gharama yake. Jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 lilipozimwa, maduka ya Nairobi, hasa ya Wakenya wenye asili ya Asia, yalikuwa yameporwa mtaa kwa mtaa. Tunalisimulia tukio hilo kama kisa cha wanajeshi wa angani na redio. Ni nadra kulisimulia kama kisa cha wenye maduka waliorudi Jumatatu kufagia vioo. Ukiangalia majengo ya biashara yaliyojengwa baada ya hapo, utaona nondo zikiwa sehemu ya mchoro tangu mwanzo, kana kwamba msanifu alikuwa amekwisha kuambiwa asimtegemee mtu.

Kuna atakayesema bima ipo. Ipo, lakini mkataba wa kawaida huziacha nje hasara za ghasia za kisiasa, isipokuwa mtu akate bima ya ziada, na mwenye kibanda cha simu chini ya ngazi hakuwa ameikata hata ile ya kawaida.

Sitaki nionekane nikiisifia sheria ya Waingereza kupita kiasi. Haikuwalipa waliokosa kazi, ambao njaa yao ndiyo iliyoanzisha yote. Tena Kamishna mpya, Sir Charles Warren, hakuchelewa kuwa mkali: tarehe 13 Novemba 1887 waandamanaji waliokuwa wakielekea Trafalgar Square walitawanywa kwa marungu na farasi. Sidai kwamba hofu ya kulipa fidia ndiyo iliyomsukuma, ila polisi anayelipia kila kioo ana sababu ya kuupenda uwanja mtupu. Ghasia za Agosti 2011 zilipoanza Tottenham na kuenea, sheria ile ile ya Malkia Victoria ndiyo iliyotumika, na ikaonekana imezeeka. Croydon, duka la samani la familia lililokuwapo tangu 1867 liliteketea. Peckham, dirisha la duka lililovunjwa lilipozibwa kwa mbao, wapita njia walizibandika vikaratasi vya kuutetea mtaa wao hadi zikafunikwa kabisa, na maneno hayo yakahifadhiwa. Mwaka 2016 sheria mpya iliweka kikomo cha pauni milioni moja kwa kila dai, na Mahakama ya Juu ikaamua kuhusu sheria ya zamani kwamba faida iliyopotea hailipwi, bali uharibifu tu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu. Tarehe 17 Juni 2025, siku ambayo genge lenye rungu liliwashambulia waandamanaji huku polisi wakitazama, muuza barakoa asiye na silaha alipigwa risasi kichwani na polisi katikati ya jiji, akafa siku kadhaa baadaye. Unawezaje, msomaji ataniuliza, kuzungumzia vioo? Nakubali kwamba mwili hutangulia. Hata hivyo muuza barakoa ndiye mfanyabiashara ambaye hoja hii inamhusu kuliko wote. Hakuwa na dirisha la kuziba wala mlango wa kuchomelea. Anayeweza kununua bati amejitoa katika mkataba wa ulinzi wa pamoja na kuwaacha wengine barabarani, na kadiri tunavyolihesabu bati hilo kuwa jukumu la kila mtu na fundi wake, ndivyo Serikali inavyosahau kwamba ilikuwa na deni.

Sheria ya namna hiyo ikitungwa hapa, mzozo utakuwa katika vifungu vidogo. Ghasia ni nini, iwapo waliovunja wamekodiwa? Mfuko utakaolipa ni wa polisi au wa kaunti? Waliodai baada ya ghasia za 2011 walikuwa na siku 14 za kuwasilisha madai, muda ambao ulilazimika kuongezwa hadi 42, tena katika nchi yenye kumbukumbu za kila ankara. Wa Tom Mboya Street wengi wangefika kwenye dirisha la madai mikono mitupu, kwa sababu stakabadhi zao zilikuwa ndani ya droo, na droo ilichukuliwa pamoja na pesa.