Jina Pambizoni: Umiliki wa Kazi katika Chapa za Mbao za Japani

Swali la nani hasa ndiye mwenye matini halijawashughulisha wahakiki wa fasihi pekee. Wakusanyaji wa chapa za mbao za Japani, hususan za mandhari zilizotolewa kufikia katikati ya karne ya 20, wamelikabili kwa muda mrefu. Makala haya yanadai kwamba wakusanyaji hao wamejenga uhakiki wa matini ulio makini sana, ila uhakiki huo umewasahau baadhi ya watunzi.

Chapa zilizoitwa shin-hanga, yaani chapa mpya, zilistawishwa na mchapishaji Watanabe Shōzaburō (1885-1962) wa Tokyo. Kazi iligawanywa: mchoraji alibuni, mchongaji akachonga mbao, mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi juu yake, naye mchapishaji akagharamia na kuuza. Kawase Hasui (1883-1957), bingwa wa mandhari ya mvua na theluji, alifanya kazi kwa mfumo huo. Tetemeko la ardhi la Septemba 1, 1923 liliteketeza mbao na akiba ya Watanabe, na ndiyo maana chapa zilizotangulia mwaka huo ni adimu.

Ubao uliosalimika huweza kuchapwa tena, hata baada ya mchoraji kufariki. Kwa hivyo mkusanyaji hana budi kuuliza: nakala hii ni ya lini? Jibu hutafutwa katika muhuri wa mchapishaji, karatasi na rangi. Aghalabu muhuri mdogo wa mviringo wa Watanabe huashiria uchapaji wa baada ya vita. Yoshida Hiroshi (1876-1950), aliyewasimamia mafundi wake mwenyewe, aliweka pambizoni alama ya jizuri, yaani “kuchapa mwenyewe”, na nakala zisizo na alama hiyo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini.

Wapo waliopinga mgawanyo huu wa kazi. Wasanii wa sōsaku-hanga, akiwemo Onchi Kōshirō (1891-1955), walishikilia kwamba msanii abuni, achonge na achape mwenyewe. Msimamo wao uliwavutia Wamarekani wengi waliokuwa Japani wakati wa ukaliaji wa 1945-1952. Hata hivyo, shin-hanga haikukosa watetezi. Robert O. Muller, aliyefariki 2003, aliiachia Sackler Gallery ya Washington zaidi ya chapa 4,000.

Ikumbukwe kwamba mchapishaji Doi alitia pambizoni majina ya mchongaji na mchapaji. Leo majina hayo husomwa kwa bidii, lakini kwa lengo la kukadiria tarehe ya nakala. Fundi aliyefanikisha theluji ya Hasui kuonekana ikianguka amegeuzwa kuwa kalenda.

Mnamo 1953, Hasui alipobuni chapa ya theluji katika hekalu la Zōjōji chini ya mpango wa serikali wa kuhifadhi sanaa za jadi, hatua zote za utengenezaji wake ziliwekewa kumbukumbu. Kilichotukuzwa hapo kilikuwa ustadi wa mikono mingi. Mhakiki anayekubali funzo hilo hatatosheka kuuliza nakala ni ya lini. Atauliza pia ni ya nani na nani.