Kutoa Nongo: Istilahi na Matumizi Yake kwa Ngozi Nyeti

Kitendo cha kuondoa seli mfu zilizojikusanya juu ya ngozi kina jina moja katika lugha nyingi za Ulaya, nalo limeundwa kutokana na neno la Kilatini folium, yaani jani, kwa kuwa seli hizo hubanduka kwa vipande vyembamba vilivyolaliana. Kiswahili kinakitaja kwa maneno mengi yasiyolingana: kusugua, kuskrabu, kusinga, kuambua, kuchubua na kutoa nongo. Kwa mtu mwenye ngozi nyeti, yaani ngozi inayowasha, kuchoma au kuvimba upesi inapoguswa na sabuni, joto au msuguano ambao ngozi nyingine huuvumilia, uteuzi wa neno una uzito wake, kwa sababu kila moja kati ya hayo huuelekeza mkono kufanya jambo tofauti.

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli bapa zilizokwisha kufa, kwa kawaida safu 15 hadi 20, zilizoshikamanishwa na mafuta yanayozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visipenye. Seli huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa, na baada ya takribani wiki nne kwa kijana, au zaidi kwa mzee, hudondoka zenyewe bila kuonekana. Kutoa nongo ni kuusaidia mwendo huo pale unapokwama, wala hakupaswi kuutangulia.

Hali ya Msamala, kata iliyomo katika Manispaa ya Songea, inalidhihirisha jambo hili vizuri. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kipupwe cha Juni na Julai hewa huwa ya baridi na kavu, hata miguu na mikono ikapauka. Weupe unaoonekana kwenye ngozi iliyopauka ni kingo za seli za juu zilizokauka na kuinuka zikatawanya mwanga, lakini mtu anaweza kuudhania kuwa uchafu, akashika dodoki na sabuni ya mche na kujisugua mpaka ngozi iwake moto. Sabuni ya namna hiyo ina ualkali wa pH 9 au 10, ilhali uso wa ngozi yenye afya una uasidi wa pH ya karibu 5; hivyo yale mafuta yanayoshikamanisha seli huoshwa pamoja na seli zenyewe, na kesho yake mpauko huwa mkubwa kuliko wa jana. Dawa ya kwanza ya kupauka ni mafuta ya mgando yanayopakwa ngozi ingali na unyevu wa maji ya kuoga, na aghalabu baada ya siku chache weupe hupungua bila dodoki kuguswa.

Miongoni mwa maneno yaliyotajwa, kuchubua ndilo lisilofaa hata kidogo. Mtoto aliyeanguka kwenye changarawe huchubuka goti, maana yake amepoteza ngozi hai na pengine damu imetoka. Tena neno kujichubua limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kujifanya mweupe kwa mkorogo, ambao mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, ambako tangu 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kuambua nako kunadokeza kubandua kwa nguvu kitu kilichoganda. Kujivua gamba kungefaa kwa picha yake ya nyoka, lakini tangu 2011, Chama cha Mapinduzi kilipoutumia kwa mageuzi yake ya ndani, usemi huo umebaki na harufu ya siasa. Kusinga ni neno zuri la Pwani na Visiwani, ila linahusu tendo pana zaidi, la kuupaka na kuusugua mwili, hasa wa bi harusi, kwa singo yenye liwa, asumini na marashi. Skrabu limeenea saluni, nalo hutaja kopo la krimu yenye chembechembe kuliko tendo lenyewe. Ndiyo maana kinyozi huweza kuipaka skrabu kwenye kidevu alichokinyoa muda huohuo, mahali ambapo wembe umekwisha kuondoa safu ya juu na chembe za ziada huacha vipele.

Linabaki nongo, yaani vile vinyuzi vya kijivu vinavyojiviringa chini ya kidole mtu anapojisugua akiwa na maji. Vinyuzi hivyo ni seli mfu zilizochanganyika na jasho, mafuta na vumbi, kwa hiyo Kiswahili kimekuwa na jina la kitu hiki muda wote huu. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito: watu huielewa nongo kuwa uchafu, na uchafu hutolewa mpaka uishe, ilhali nongo haiishi, kwa kuwa ngozi huitengeneza kila siku. Anayesugua akingoja isitoke tena atafika kwenye ngozi hai. Fasili ya istilahi inapaswa basi kusema wazi kwamba nongo ni zao la kawaida la ngozi na kwamba hutolewa kwa kiasi.

Kwa ngozi nyeti, kiasi hicho ni kitambaa laini cha pamba kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu, kikizungushwa bila kukandamizwa kwa nusu dakika, mara moja kwa wiki, kisha mafuta yafuate mara moja. Sukari, chumvi na machicha ya kahawa vina kingo kali mno kwa uso. Ipo pia njia isiyo na msuguano, ya asidi hafifu kama ile ya laktiki iliyomo katika mtindi, ambayo hulegeza viunganishi vya seli, lakini huanzwa kwa kujaribiwa sehemu ndogo ya mkono. Ndimu haimo katika kundi hilo: pH yake ni kati ya 2 na 3, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge. Katika ngozi nyeusi kila uvimbe unaweza kuacha doa linalodumu miezi, na kwa mwenye ualbino, kipele au kidonda kisichopona ni cha kuonyeshwa hospitali kabla ya kuguswa na kitambaa chochote.

Waandishi wa maelezo ya vipodozi na watunzi wa kamusi waandike kutoa nongo, na kuchubua kuachwe kuwa jina la jeraha.