Injini ya Uani: Asili ya Gereji Bubu za Ukonga

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, sifa ya ububu haiishii kwa binadamu. Ipo bandari bubu, isiyo na ofisa forodha wala kitabu cha mizigo, na ipo gereji bubu, isiyo na kibao wala leseni. Ukifuata Barabara ya Nyerere, ambayo wengi bado wanaiita ya Pugu, ukaupita uwanja wa ndege na kuingia Ukonga kuelekea Gongo la Mboto, gereji hizo huhitaji kuzitafuta: ua wa nyumba, mwembe, gari lililopandishwa juu ya mawe, na udongo uliogeuka mweusi kwa oili chafu. Maelezo yaliyozoeleka juu ya asili yake ni mafupi. Huitwa watoto wa ruksa, yaani wa enzi ya Mzee Mwinyi: biashara ikafunguliwa, magari ya mtumba yakamiminika, vijana wasio na ajira wakashika spana. Maelezo hayo yanatosha kueleza wingi wa gereji, na hapo sibishani nayo. Yanapokosea ni kwenye chanzo cha kazi yenyewe. Desturi ya kufungua injini nyumbani, kuipasua hadi kwenye kranki na kuirudisha mpaka ikawaka, ni kongwe kuliko ruksa. Ililetwa na uhaba, na iliwezekana kwa sababu baadhi ya injini za zama hizo zilikubali kufunguliwa uani. Iliyokubali kuliko zote ni ya Volkswagen, ile gari ya mgongo wa kobe, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa.

Tuanze na uhaba. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 272,000. Sensa ya 1978 ilikuta zaidi ya 760,000. Jiji lilitambaa kufuata barabara zake kuu, na ya Pugu ilikuwa na mvuto wake, maana viwanda vilipangwa kandokando yake na TAZARA nayo ikajenga stesheni yake hapohapo. Mtu wa kipato cha kawaida aliyesogea nje ya mji alipata kitu kilichokuwa adimu Kariakoo: ua mpana wa kumwaga vyuma chini bila kugombana na mpangaji mwenzake. Kisha mambo yakafuatana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani ikapanda tena, na fedha za kigeni zikakauka. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, kwa hiyo gari jipya likawa suala la kibali na kusubiri. Magari binafsi yalifika hata kukatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Katika hali hiyo gari lililonunuliwa mwaka 1968 halikuwa na mrithi. Likifa, nyumba nzima imerudi kwenye foleni ya mabasi ya UDA.

Mshahara nao ulikuwa umeliwa na bei. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyefanya kazi Buguruni na Manzese mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuta familia nyingi zikiishi kwa miradi ya pembeni kuliko kwa ajira rasmi. Ufundi wa jioni una nafasi yake ya wazi katika picha hiyo: mtu anaijua kazi, ana spana, na jirani ana gari lililokufa. Mwaka 1983 ikaja sheria iliyojulikana mitaani kama Nguvu Kazi, na asiye na kazi inayotambulika akawa katika hatari ya kukamatwa na kupelekwa shamba. Katika mazingira hayo, nani angetundika kibao? Ninavyoona mimi, ububu wa gereji hizi ulianza kama tahadhari ya mtu asiyetaka kuonekana, na uvivu wa kufuata leseni ambao leo tunawalaumu nao mafundi haukuwa sababu yake ya kwanza.

Lakini uhaba peke yake hautengenezi injini. Injini nyingi zilipozimika zilibaki zimezimika, na hapa ndipo umbo la mashine linapoingia katika historia. Injini ya Volkswagen haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mipira ya maji ya kupasuka njiani. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, zimezungukwa na mapezi ya chuma, na feni inayozungushwa na mkanda wa jenereta inazipulizia hewa. Imeshikwa kwenye giaboksi kwa sehemu nne tu. Unachomoa nyaya za umeme, waya wa akselereta na mpira wa petroli, unaweka jeki chini, unafungua pale panne, watu wawili wanaivuta kinyumenyume na kuishusha. Uzito wake ni kilo 100 hivi. Wanaume wawili wanaibeba hadi kwenye turubai. Na silinda zake hazikutobolewa ndani ya bloku moja. Kila moja inavuliwa peke yake, kama mtungi unaotolewa kwenye kata. Silinda iliyoliwa haina haja ya kupelekwa mashineni kutobolewa upya: inatoka pamoja na pistoni yake, inaingia nyingine. Magari haya yaliundwa zaidi ya milioni 21, Ujerumani hadi 1978 na Meksiko hadi Julai 2003, na vipuri vingi vya mwaka mmoja viliingia gari la mwaka mwingine. Gari moja lililooza lilikuwa bohari ya mengine matatu. Hata maradhi yake yalikuwa yaleyale: kwa miaka mingi kipoza oili kilisimama katika njia ya hewa ya silinda ya tatu, ikawa ndiyo inayochemka zaidi, na valvu yake ya moshi ndiyo inayotangulia kukatika. Aliyekwisha kufungua injini mbili za namna hiyo alijua aanzie wapi kwenye ya tatu.

Atatokea wa kusema kwamba Volkswagen hazikuwa nyingi kiasi hicho, na kwamba chuo halisi cha mafundi wetu kilikuwa Land Rover, Peugeot 404 na malori ya Bedford. Hoja hiyo ina uzito. Sifa ya Volkswagen katika barabara zetu ilikuwepo, maana ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, lakini sifa si wingi. Hata hivyo tuangalie magari hayo yalikuwa mikononi mwa nani. Lori na Land Rover kwa sehemu kubwa vilikuwa vya serikali, mashirika na makampuni, waliokuwa na karakana zao, shimo la kuingilia chini ya gari na winchi ya mnyororo. Injini ya Bedford haibebwi na watu wawili. Inataka boriti, na ukiitundika kwenye tawi la mwembe unamtegemea Mungu. Kobe lilikuwa gari la mwalimu, la mmisionari, la karani aliyekopeshwa na mwajiri wake, yaani watu wasio na karakana. Fundi aliweza kujifunza lori kazini mchana. Alichokileta nyumbani jioni ni kile ambacho ua uliweza kukimudu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ufundi wa uani ulikuwa uharibifu, kwa kuwa injini hukazwa kwa vipimo na uani hapakuwa na vipimo. Tuchukue mfano mmoja. Nati kubwa ya flaiwili ya injini hii, ya milimita 36, kipimo chake cha kiwandani ni kilogramu-mita 30. Spana maalumu ya kupimia ni ghali, lakini maana ya kipimo chenyewe ni nyepesi: kilo 60 zikining'inia nusu mita kutoka kwenye nati. Bomba la maji lililopigwa alama ya nusu mita na kijana wa kilo 60 vinatosha, mradi mtu amejua namba na sababu yake. Upande wa pili nakubali upungufu. Kranki hutakiwa kucheza mbele na nyuma kwa sehemu ya milimita, 0.07 hadi 0.13, upana wa unywele mmoja, na nafasi hiyo hupangwa kwa ringi tatu nyembamba zinazochaguliwa kwa unene. Hapo jicho halitoshi. Gamba la injini, la madini ya magnesi, likishaliwa kwenye makalio ya beringi, hakuna msasa wa kulirudisha. Linahitaji mashine na mtu wa kukereza. Injini za uani, kwa hiyo, hazikuwahi kuwa za uani peke yake. Zilitegemea karakana za Gerezani na za eneo la viwanda. Na sina shaka ziliharibika nyingi. Ila mwenye kulaumu aulize pia mbadala wake ulikuwa upi. Mwaka 1982 gereji yenye vipimo vyote lakini isiyo na spea ilikuwa banda la kuhifadhia gari bovu.

Turudi sasa kwenye ruksa. Mlango kwa kweli ulianza kufunguliwa na bajeti ya Juni 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu, wananchi waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Mzee Mwinyi aliusukuma mlango ambao tayari ulikuwa wazi nusu. Pamoja na Toyota za mtumba zikaja baadaye injini kamili za mtumba, zikiuzwa zimefungwa na nyaya zake. Hapo kazi ikageuka. Injini ikinoki, hesabu haikuwa tena ya ringi na beringi. Ilikuwa ya kuitoa nzima na kuweka nyingine. Gereji ziliongezeka na ufunguaji wa injini ukapungua, jambo ambalo maelezo ya watoto wa ruksa hayawezi kulieleza hata yakinyooshwa vipi. Kama ufundi wa kufungua ungekuwa zao la wingi wa magari, ungestawi wakati huo kuliko wakati wowote.

Ulikostawi tena ni kwenye vyombo vidogo. Bajaji na bodaboda, zilizowekewa kanuni za leseni mwaka 2010, nyingi hupozwa kwa hewa. Injini ina silinda moja, inashuka kwa mikono ya mtu mmoja, na silinda inavuliwa na pistoni yake vilevile. Bei ya injini nzima ni kubwa mno ukilinganisha na ya ringi, kwa hiyo kufungua kumekuwa tena na faida. Kwenye vibanda vya kuelekea Gongo la Mboto kijana hukaa juu ya tairi kuukuu, silinda ya bajaji mapajani, akikwangua kwa bisibisi tope lililokauka katikati ya mapezi, moja baada ya jingine, maana tope likibaki hewa haipiti, na injini itarudi kwake kabla ya Ijumaa.