Waya wa Shangani na Mizani ya Mawimbi

Katika mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash bin Said, waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na habari zilizokuwa zikingoja majahazi ya kaskazi zikapata kuvuka bahari kwa muda mchache; na jumba la mawasiliano la Extelecoms pale Shangani, ambalo leo ni hoteli, lingali shahidi wa enzi hiyo ya mitambo.

Lakini waya una njia yake moja, ilhali mawimbi ya redio huenea hewani yakipenya kuta na mwili wa binadamu, na kwa sababu hiyo yamehitaji sheria na mizani. Maabara huchukua kichwa cha kuigiza, hukijaza maji mazito yenye tabia ya nyama ya mwili, huweka simu ya mkononi sikioni, kisha hutembeza kipimio ndani yake ili kujua nguvu iliyofyonzwa, ambayo Ulaya haijuzu kuzidi wati 2 kwa kilo, na Marekani wati 1.6.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya 2003 ndiyo itoayo ithibati ya vifaa, nayo Tume ya Nguvu za Atomu hupima mionzi ya minara. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na soko la Darajani hapa Unguja halikusalimika. Wengi waliona dhulma. Mimi naona haki ya mnunuzi, ambaye hana maabara nyumbani kwake.