Nani Aliyeivunja Ndoa? Historia Fupi ya Talaka katika Kambi za Shaba za Kolwezi

Mtafiti anayetaka kuielewa talaka katika Kapata, mojawapo ya mitaa ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, hana budi kuanza na swali ambalo vitabu vya sheria hulipita haraka: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba ndoa fulani imekwisha? Katika muda usiotimia karne moja jibu limebadilika mara kadhaa, na kila lilipobadilika, mwanamke ndiye aliyelipa gharama kubwa zaidi.

Tuanze na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwahimiza wachimbaji wakae kambini pamoja na wake zao. Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937, siasa hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa. Mke aliyeandikwa katika daftari la kampuni alipata posho, watoto nao vivyo hivyo. Nyumba ilitolewa kwa sababu ya kazi ya mume. Kuachana, basi, hakukuwa ugomvi wa watu wawili na koo zao tu. Mkuu wa kambi aliingilia kati, akasuluhisha, akaonya. Aliyeachwa alipoteza mume, posho na paa kwa siku moja. Asiyelitambua hilo atadhani kwamba ndoa za kambini zilidumu kwa upendo peke yake.

Nje ya daftari hilo kulikuwa na mila. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilizitambua mahakama za wenyeji, ambamo ndoa za kimila ziliamuliwa. Lakini mila zipi? Migodi iliwakutanisha Walunda, Wasanga, Wachokwe, Waluba na wengineo, baadhi wakifuata ukoo wa baba, wengine wa mama. Suala la watoto wabaki kwa nani, na mali (ndivyo mahari inavyoitwa huko) irudishwe au isirudishwe, halikuwa na jibu moja hata kwa majirani wa ukuta mmoja.

Sheria ya Familia, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, ilikusudia kuumaliza utata huo. Kwa mujibu wake, talaka hutokana na hukumu ya hakimu tu. Wazee wakikaa kikao na mali ikarudishwa, mbele ya sheria wawili hao wangali mume na mke. Mwombaji hupeleka ombi lake kwa mahakama ya amani; hakimu humsikiliza, kisha huwaita wote wawili ili kujaribu kuwapatanisha. Upatanisho ukishindikana, kesi husikilizwa, na hakimu hutazama kama ndoa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Kutengana kwa miaka mitatu kwa uamuzi wa mmoja wao huchukuliwa kuwa dalili ya uharibifu huo.

Jambo la ajabu ni hili: sheria hiyohiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe ili kufungua kesi ya madai, isipokuwa alipomshtaki mume mwenyewe. Mlango wa kutokea uliachwa wazi, ilhali ile ya kuishi ilikuwa na ufunguo mikononi mwa mume. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016.

Mageuzi hayo yalikuta kambi imebadilika. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, ilipunguza zaidi ya wafanyakazi 10,000 katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza mwaka 2003. Posho na ulinzi wa kampuni vikatoweka. Hapo awali hapakuwa na nyumba ya kugawana, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mwajiri. Sasa kiwanja au nyumba iliyonunuliwa wakati wa ndoa inaweza kugawanywa, ikiwa mali ilikuwa ya pamoja. Hata hivyo hakimu huhitaji kwanza uthibitisho wa ndoa yenyewe, na ndoa nyingi zilifungwa mbele ya wazee na kuandikwa katika daftari la mgodi, ambalo si daftari la serikali.