Mnara wa Rugomora Mahe na biashara ya giza

Kila jioni mitaani Whitechapel, mashariki mwa London, makundi ya watalii huongozwa hadi kwenye vichochoro ambako mwaka 1888 wanawake maskini walichinjwa na muuaji ambaye hakukamatwa. Edinburgh nako watu hulipa kiingilio ili washushwe kwenye vyumba vya mawe chini ya daraja la South Bridge, wakasimuliwe mizimu. Biashara hiyo inalipa, na si ajabu wapenda utalii wa kwetu kuitamani kila unapotajwa mji wenye umri. Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, haikosi malighafi: kisiwa cha Musira, kinachosimuliwa kuwa kilikuwa gereza la waliowaudhi watawala, Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, Wamara, mtawala wa kuzimu, boma la Wajerumani na vita vyake. Mtu mwenye tochi na ulimi mwepesi anaweza kuanzia ufukweni saa mbili usiku, na ikifika saa nne wafuasi wake watakuwa wameshikana mikono. Sina ugomvi na matembezi yenyewe. Ugomvi wangu ni juu ya kisa kimoja ambacho hakiwezi kuachwa nje, kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote, na ambacho kikigeuzwa hadithi ya kutisha kitakuwa kimeporwa. Ni kisa cha mnara wa chuma wa Rugomora Mahe.

Rugomora Mahe alikuwa mukama, yaani mfalme, wa Kyamutwara katika karne ya 17, mmoja wa ukoo wa Wahinda waliotawala kuanzia Karagwe hadi Ihangiro, ambayo leo ni Muleba. Namna ukoo huo ulivyozigawana nchi hizi imeandikwa vya kutosha na siirudii hapa. Makazi ya mukama huyu yalikuwa Katuruka, katika eneo la Maruku, Bukoba Vijijini. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Chuma kikafuliwa chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija, mnara ukapanda na kupanda, kisha ukaanguka na kuwaua waliokuwa wakiujenga. Mukama hakuwa miongoni mwa waliokufa. Kwa msimulizi wa usiku kila kitu kimeshaandaliwa: kiburi cha mfalme, mlio wa chuma kinachoporomoka, maiti, na mti wa kumulikia tochi. Swali ambalo halitaulizwa ni waliokufa walikuwa nani, na kwa nini wazee wa Katuruka walikitunza kisa hiki pale pale, kwenye mti ule ule, badala ya kuuacha mnara uelee mahali popote kama minara ya ngano.

Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao na kuchimba walipomwonyesha. Jirani na Kaiija alikuta mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vigae vya vyungu vya Urewe, aina iliyopewa jina la mahali kule Siaya, Kenya. Makaa yaliyopimwa umri yaliashiria karne za katikati ya milenia ya mwisho kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 2,000 kabla Rugomora Mahe hajazaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 Schmidt alijenga hoja ambayo tangu hapo imebaki kuwa maelezo rasmi ya mahali hapa. Wahinda, anasema, walikuta Kaiija tayari ni mahali patakatifu, penye kumbukumbu za wahunzi na za Bachwezi, miungu ya kale kama Mugasha na Wamara. Wakapatwaa, wakaweka ikulu pembeni, wakalitundika jina la mukama wao juu ya kumbukumbu iliyokuwepo, ili utawala mgeni uonekane una mizizi. Mnara wa ngano ulikuwa chombo cha kukumbukia: anayeuona mti anakumbuka chuma, na anayekumbuka chuma anamkumbuka mukama.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini wanaoirudia siku hizi huikubali kwa wepesi kuliko inavyostahili. Wapo waliopinga tarehe zenyewe, kwa kuwa makaa ya mti mkongwe hutoa umri wa mti na si umri wa moto. Pingamizi hilo halibadili mengi, maana hata tukizivuta tarehe karibu kwa karne kadhaa bado tutakuwa mbali sana na karne ya 17. Na matanuri ya kale yaliyochimbwa baadaye karibu na ghuba ya Kemondo, ya karne za mwanzo baada ya Kristo, yanaonyesha kwamba ufuaji wa chuma haukuwa jambo la kijiji kimoja. Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba wakulima wa karne za karibuni, wakichimba vibanja vyao vya migomba, walikutana na mavi ya chuma wasiyoyajua asili yake, wakatunga kisa cha kuyaeleza. Kama ndivyo, hakuna kumbukumbu ya miaka 2,000. Kuna watu waliosoma ardhi yao wakaipa maana.

Naliona pingamizi hili lina uzito, na ushahidi wa kulitilia nguvu umetoka kwa Schmidt mwenyewe. Mwaka 1976 aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri upya. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo mingi nyuma, chuma cha Ulaya kilipojaa madukani. Wazee walijua la kufanya: udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani kwa ukuta wa tanuri, matete ya bwawani yaliyochomwa yakajazwa shimoni, makaa, mirija ya udongo, mivukuto. Hata hivyo majaribio ya mwanzo hayakutoka vizuri, na ilibidi wajikumbushe kwa kukosea. Ikiwa mikono iliyowahi kuifanya kazi yenyewe ilihitaji kujaribu tena na tena baada ya nusu karne, mtu hawezi kudai kirahisi kwamba midomo ilibeba habari ya tanuri moja kwa vizazi zaidi ya themanini. (Matokeo ya jaribio lile yaliyotangazwa mwaka 1978 yalizua ubishi mrefu juu ya kama hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Ubishi huo uliwafaa wataalamu wa metali kuliko ulivyowafaa Wahaya.)

Liko pingamizi jingine, na hili hupendwa na watu waliosoma katekisimu: kwamba mnara wa Rugomora Mahe ni Babeli tu, uliopandikizwa na wamisionari waliofika Kashozi mwaka 1892. Sikubaliani nalo. Mnara wa kitabu cha Mwanzo ni wa matofali na lami, na adhabu yake ni kuchanganyikiwa kwa lugha, hakuna anayepondwa. Huku lugha haiguswi na watu wanakufa. Zaidi ya hapo, ngano za watu kujenga kuelekea mbinguni na kuporomoka zinapatikana kwa Waluba wa Kongo na kwa Walozi wa Zambia pia, kwa hiyo wazo lenyewe halikuhitaji meli ya mmisionari ili livuke ziwa. Mpinzani atasema hapo nimejifunga mwenyewe: kama ngano ni ya Afrika nzima, inathibitisha nini juu ya Katuruka? Inathibitisha kidogo tu, lakini kidogo hicho ndicho ninachokitaka. Kwingineko watu hupanda kwa magogo na miti iliyofungwa pamoja. Katuruka mnara ni wa chuma, wajenzi ni wahunzi, na mahali pa kufulia pana jina. Ngano inayosafiri huwa haina haja ya vitu hivyo, na kilichoongezwa mahali ndicho kinachozungumza juu ya mahali.

Hapa ndipo ninapoachana na Schmidt. Kama kisa hiki kilitengenezwa na ikulu ili kumkweza mukama, kwa nini mnara unaanguka? Simulizi za kumsifu mtawala hazikosi njia ya kumaliza kazi yake, na mnara ungeweza kufika, au kuachwa kwa hiari, au kuharibiwa na adui. Atajibu mtu kwamba kuanguka ni funzo la dini: mbingu ina wenyewe, na hata mukama ana mpaka. Lakini funzo la dini lingemwadhibu aliyetoa amri. Kisa hiki kinawaua waliotii. Mpangilio huo, wa amri kutoka juu na vifo chini, haunukii ikulu hata kidogo. Unanuka moshi wa tanuri. Ninaamini sauti ya wahunzi imebaki ndani ya kisa cha mfalme, nao wana haki ya kusikilizwa kama mashahidi.

Fikiria chuma kiligharimu nini. Misitu ilikatwa kwa ajili ya makaa, na uchunguzi wa chavua na wa makaa ya kale katika eneo hili unaonyesha misitu ya karibu ikipungua, na wayeyushaji wakilazimika kutumia miti ya aina nyingine, hata ya mabwawani. Wayeyushaji walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe, tanuri likihesabiwa kuwa ndilo mke. Walikuwa na miko yao, dawa zao na nyimbo zao, mambo ambayo mukama hakuwa na mamlaka nayo. Alichoweza ni kudai majembe, mikuki na utii. Mtawala anayetaka chuma kisicho na kikomo, mbele ya watu wanaojua kila kipande kimegharimu miti mingapi na usiku ngapi, ni chanzo cha ugomvi ambacho hakihitaji mnara wa kweli ili kieleweke. Sidai kwamba mnara ulijengwa. Nadai kwamba deni lilikuwepo, na kwamba kisa kimelitunza.

Sasa turudi kwenye tochi. Zanzibar inatuonyesha biashara inavyoweza kukifanyia kisa cha uchungu. Mkunazini, jirani na kanisa kuu la Anglikana, wageni hushushwa kwenye vyumba vyembamba chini ya jengo la St. Monica na kuambiwa kwamba watumwa walifungwa humo kusubiri mnada. Wanahistoria wamehoji jambo hilo, kwa sababu jengo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Soko lilikuwa la kweli, na mateso yalikuwa ya kweli kuliko chumba chochote kinavyoweza kuonyesha. Lakini mgeni alitaka mahali pa kuinamia, akapewa, na tangu hapo kila anayeuliza swali huonekana kama mtu anayekana utumwa. Katuruka ikiingizwa kwenye ratiba ya usiku itapatwa na hayo hayo. Mavi ya chuma yanahitaji mwanga wa mchana. Hata kilima kilichobaki bila msitu hakionekani saa tatu usiku. Kinachoweza kuonekana gizani ni mti na uso wa msimulizi, na hivyo viwili vinatosha kwa mzimu ila havitoshi kwa hoja.

Mjini kwenyewe historia ya karibuni itasimuliwa harakaharaka, na pengine ndivyo inavyostahili. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaichoma ngome, wakauangusha mlingoti wa simu ya upepo, kisha wakaruhusiwa kupora mji. Miongoni mwao alikuwamo mwindaji Frederick Selous, ambaye pori kubwa la kusini lilibeba jina lake baadaye. Jina lake linajulikana. Majina ya wenyeji walioporwa nyumba zao hayajulikani, kama yasivyojulikana ya wahunzi wa Kaiija. Kisha vita vya Idi Amin mwaka 1978, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini mwaka 1983 hapa hapa Kagera, kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 21, 1996, tetemeko la Septemba 10, 2016. Katika hayo, UKIMWI ndio unaoihusu hoja yangu moja kwa moja. Schmidt aliporudi baada ya miaka mingi alikuta wengi wa watu ambao wangekuwa watunza masimulizi wamekufa, na kisa kilichokuwa kikisimuliwa kwa kirefu kimebaki vipande. Wanakijiji wa Katuruka wenyewe ndio waliojiundia mradi wa urithi ili kuviokoa.

Nitaambiwa kwamba vijana wanahitaji ajira, na kwamba matembezi ya usiku yanaweza kuleta fedha ambazo vitabu havijaleta. Ni kweli, na ndiyo maana siyapingi. Nitaambiwa pia, na watu wa kanisani na msikitini, kwamba kuwazungumzia Bachwezi ni kufufua ushetani. Hao nawajibu kwamba mzimu wa kweli hutengenezwa na anayekataa kueleza. Ombi langu kwa halmashauri, kwa waongoza watalii na kwa mradi wa Katuruka ni moja: safari yoyote inayomtaja Rugomora Mahe ianze Katuruka, mchana, mbele ya mavi ya chuma, na iongozwe na mtu wa Katuruka anayelipwa. Wazee waliobaki Maruku na Kemondo wasikilizwe na kurekodiwa mwaka huu, kila mmoja kwa toleo lake, hata yanapopingana. Baada ya hapo mwenye tochi aendelee na kazi yake.